Mashine ya Wembe ya Zamani: Kuichagua Sokoni, Kuisafisha na Kunyolea Bila Vipele

Ukipita masoko ya Karume au Gerezani hapa Dar na ukawa na subira ya kuinama, mara mojamoja utaikuta. Imelala kwenye turubai, katikati ya vitasa visivyo na funguo, miwani ya kusomea na chaja za simu ambazo hazitengenezwi tena. Ni mashine ya wembe: ya chuma, nzito kuliko inavyoonekana, ya kufungua kichwa, kuweka wembe na kukaza. Mara nyingi muuzaji mwenyewe hana hakika ni kitu gani, na hilo kwako ni faida.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kunyolea, si wa anayetafuta pambo la kabatini. Kwa hiyo nitakuwa mkali kwenye kichwa cha mashine na mpole kwenye mpini. Mpini uliochakaa haumkati mtu. Kichwa kilichopinda kinakukata shavu hata kama kina jina kubwa na kinang'aa.

Faida yake ni mbili. Ya kwanza ni fedha: wembe wa kawaida, ule wa makali mawili unaouzwa kwa Mangi, duka la mtaani, ni rahisi mno ukilinganisha na vichwa vya plastiki vyenye nyembe tatu au tano. Ya pili, na kwangu ndiyo kubwa, ni vipele. Nywele zetu zimejisokota. Kwenye kichwa chenye nyembe nyingi, wembe wa mbele huvuta unywele, wa nyuma huukata ukiwa umeshavutwa, kisha unywele hurudi chini ya usawa wa ngozi. Ukianza kuota tena unapinda na kuchoma ngozi kwa ndani, na hapo ndipo vipele vya shingoni na kidevuni vinapoanzia. Wembe mmoja hukata usawa wa ngozi na kuishia hapo, mradi mkono wako usiharibu kazi.

Jua kwanza umeshika ya aina gani

Mwanzilishi wa mashine hizi kibiashara ni Mmarekani King Camp Gillette. Kampuni yake ya Boston ilianza kuuza mwaka 1903, na mwaka huo wote iliuza mashine 51 na nyembe 168 tu. Hataza aliipata tarehe 15 Novemba 1904. Alichofanya ni kuchukua wembe mwembamba kama karatasi, ambao peke yake unayumba, akaubana katikati ya mabati mawili yenye mkunjo. Ule mkunjo ndio unaoupa wembe ugumu. Likumbuke hili ukiwa sokoni, kwa sababu likipinda bati, wembe nao unakaa upande, na hakuna ufundi wa mkono utakaoliokoa.

Aina utakazokutana nazo ni tatu. Iliyo rahisi ni ya vipande vitatu: kofia ya juu, bati la chini na mpini. Unafungua mpini, vyote vinaachana. Gillette Tech, iliyoanza 1938, ni ya namna hii, na kwa anayeanza mimi ningemwambia atafute hiyo kabla ya nyingine yoyote. Haina kitu cha kuharibika, na hainyoi kwa ukali.

Ya pili hufunguka kama kipepeo: unazungusha kitufe kilicho chini ya mpini, milango miwili ya juu inafunguka, unaweka wembe, unafunga. Gillette walianza nayo 1934 kwa jina la Aristocrat, na mwaka 1947 ikaja Super Speed, ambayo imesambaa sana duniani. Uingereza nao walitengeneza zao, kama Rocket.

Ya tatu ni ya namba. Nayo inafunguka kama kipepeo, ila chini ya kichwa ina pete yenye namba 1 hadi 9. Moja ni mpole, tisa ni mkali. Ile nene ambayo wapenzi wa mashine huiita Fatboy ilitoka 1958, na ile nyembamba, Slim, ikafuata 1962. Ukiikuta moja ya hizi Dar kwa bei ya mitumba, usionyeshe furaha usoni.

Kujua umri wake si kazi kubwa kwa zile za Marekani za kuanzia miaka ya 1950. Geuza kichwa, angalia bati upande wa chini. Utaona herufi moja na tarakimu moja. Herufi ni mwaka, tarakimu ni robo ya mwaka. A ni 1955, B ni 1956, na kuendelea hivyo hivyo. Kwa hiyo G ni 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, na J ni 1964, mwaka wa Muungano. Mashine yenye G4 ilitoka kiwandani kati ya Oktoba na Desemba 1961, wakati bendera inabadilishwa huku kwetu. Haiongezi ubora wa kunyoa hata kidogo, lakini nakiri napenda kujua.

Kuna nyingine ni za kuziacha hapo hapo, hata ziwe nzuri vipi, kwa sababu wembe wake hauupati kwa Mangi. Schick Injector hutumia wembe mwembamba wenye makali upande mmoja, unaosukumwa kutoka kwenye kijisanduku chake. Gem hutumia wembe wa upande mmoja wenye mgongo mnene. Rolls Razor ya Uingereza ina wembe wake mmoja mnene unaonolewa ndani ya boksi lake. Kipimo chako kiwe hiki: je, wembe wa kawaida wa makali mawili unakaa ndani? Kama haukai, rudisha mezani.

Ukaguzi pale pale mezani

Nenda na vitu vitatu mfukoni: wembe mpya ukiwa bado kwenye karatasi yake, kisumaku kidogo, na simu yenye tochi. Halafu anza kwa adabu, maana unaenda kumpotezea mtu muda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Chukua hiyo mwanangu, ya Mjerumani hiyo. Hazipo tena."

"Naiona mzee wangu. Niruhusu niijaribu na wembe kabla hatujaongea bei."

"Jaribu. Ila ukijikata usije kunidai dawa."

Imeandikwa *Made in England* waziwazi, lakini usibishane. Muuzaji akisema ya Mjerumani anamaanisha ni imara.

Anza na sumaku. Mashine nyingi nzuri za zamani ni shaba njano iliyopakwa nikeli, na nyingine dhahabu nyembamba sana. Shaba haishikwi na sumaku. Sumaku ikinasa kwenye kichwa kwa nguvu, hicho ni chuma, na pale tabaka la juu lilipotoka kutu itaingia, hasa kwa hewa yetu ya chumvi. Ila sumaku kutonasa haitoshi kuthibitisha shaba, kwa sababu alumini na aloi ya zinki nazo hazinaswi. Alumini utaijua kwa wepesi wake. Zinki utaijua palipochubuka: badala ya rangi ya njano ya shaba, unaona kijivu, vitundu vidogo, au malengelenge yaliyoinua kromu kutoka chini. Malengelenge hayo hayatibiki. Acha.

Sasa fungua. Kama ni ya vipande vitatu, tazama vijiti vilivyo chini ya kofia, vile vinavyoshika wembe. Viwe vimesimama wima. Mashine ikianguka bafuni, hivyo ndivyo hupinda kwanza. Angalia hesi ya katikati, yaani nyuzi za skrubu: funga mpini kwa vidole viwili tu, uingie bila kukwama wala kuruka. Kwa zile za zamani zaidi zenye mpini ulio wazi ndani kama bomba, pitisha kucha kuanzia shingoni kushuka chini. Ukihisi mstari, mpini umepasuka. Ufa mdogo unavumilika. Ufa unaofika mahali hesi inaposhika haufai, kwa sababu kila ukikaza unapanuka.

Kisha lalisha bati la chini kwenye kioo cha simu yako, ukingo ukiwa chini. Libonyeze kwa kidole kila pembe. Likicheza kama meza ya mgahawa yenye mguu mfupi, limepinda. Kama lina meno ya chanuo, hesabu meno na utazame kama kuna lililoinama kuliko wenzake. Jino moja lililoinuka linatosha kuchana ngozi.

Kwa mashine ya kipepeo, fungua na kufunga mara kadhaa. Milango ifunguke pamoja na ifunge pamoja. Ikiwa mizito, usihofu, mara nyingi ni sabuni ya miaka iliyogandia ndani. Lakini mlango mmoja ukibaki umeinuka hata baada ya kukaza hadi mwisho, hilo ni tatizo la chuma, si la uchafu. Kwa ile ya namba, zungusha pete kutoka 1 hadi 9 huku ukitazama bati: lazima ulione linashuka na kupanda. Namba zikizunguka na bati likabaki palepale, mashine ni mbovu.

Jaribio lenyewe linakuja mwisho. Shika wembe mpya kwenye zile ncha fupi zisizo na makali, uweke ndani, kaza. Inua mashine usawa wa jicho, kichwa kikikutazama kwa ubavu, tochi ya simu nyuma yake. Utaona makali yamechungulia kidogo kila upande. Yachungulie sawasawa kulia na kushoto, na mwanga unaopita kati ya makali na ukingo uwe mstari wenye upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, usiwe mpana huku na mwembamba kule.

Ukiona upande mmoja umetokeza zaidi, usikate tamaa haraka. Fungua, geuza wembe nusu mzunguko, kaza tena. Kosa likihama pamoja na wembe, basi wembe ndio haukukatwa vizuri, na mashine iko salama. Kosa likibaki upande uleule wa mashine, basi mashine ndiyo yenye kosa. Dakika moja tu, na imekuonyesha jambo ambalo muuzaji hawezi kukuambia hata kama angetaka.

Kuhusu bei siwezi kukupangia. Mashine isiyo na boksi wala jina naihesabu kuwa ni ya bei ya viwembe vya plastiki vya miezi miwili, na hapo ndipo ninapoanzia kuongea. Boksi, dhahabu na maandishi ni vya mkusanyaji, usivilipie kama hutavitumia. Na usimwambie muuzaji inaitwaje.

Kuisafisha

Kama imekuja na wembe wa zamani ndani, utoe kwa uangalifu na uutupe. Hakuna mjadala. Hujui uligusa damu ya nani, na kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Vaa glavu ukiweza, na usiujaribu kwenye kucha "kuona kama bado unakata".

Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo kwa nusu saa, halafu sugua kwa mswaki wa zamani. Ya kipepeo, izungushe ikifunguka na kufunga ndani ya maji hayohayo, utashangaa uji mweupe unaotoka. Badilisha maji hadi yabaki safi. Palipobaki ukoko wa chokaa, tumia siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika chache tu, na suuza vizuri. Siki usiitie kwenye dhahabu, alumini, wala zinki iliyochubuka.

Visivyotakiwa: majivu, mchanga, na waya wa kusugulia sufuria. Tabaka la nikeli ni jembamba, la dhahabu ni jembamba zaidi, na ukilisugua limeondoka. Jiki nayo iache kwenye nguo, inakula metali. Maji yanayochemka usiyamwagie mpini wa plastiki.

Ikishakauka, ifute yote kwa spiriti ya asilimia 70 kutoka duka la dawa, uhakikishe imeingia kwenye mianya ya kichwa, iache ikauke yenyewe. Mpangilio ni sabuni kwanza, spiriti baadaye, kwa sababu spiriti haiui kitu kilichojificha chini ya uchafu. Kwa ya kipepeo malizia na tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kitufe cha chini na kwenye bawaba za milango.

Kunyoa

Nyoa baada ya kuoga. Ndevu zilizolowa maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu zinalainika, na wembe unapita bila kuvuta. Hapa Dar simtanki ya juu ya paa ikishapigwa jua la mchana inakupa maji hayo bila gharama. Ila kama nyumbani kwenu ni maji ya kisima yenye chumvi, povu litakusumbua: sabuni inakatika na kuganda badala ya kutoa povu. Tenga kikombe kimoja cha maji ya kunywa kwa ajili ya povu tu.

Povu liwe la sabuni au krimu ya kunyolea, lipakwe kwa brashi au kwa vidole ukizungusha. Sabuni ya kufulia inakausha ngozi, iepuke. Kabla hujapaka, pitisha vidole usoni ukiwa mkavu na ujue ndevu zinalala wapi. Mashavuni kwa wengi zinashuka chini. Shingoni ni vurugu: upande mmoja zinapanda, mwingine zinakwenda pembeni. Huko ndiko watu wanakoharibikiwa, kwa sababu wananyoa kutoka juu kwenda chini kwa mazoea, kumbe nusu ya shingo wanaikata kinyume.

Weka wembe mpya. Kaza imara, lakini kwa nguvu ya vidole tu. Kwenye mashine ya namba anza na 2 au 3, na ukitaka kubadilisha namba legeza kitufe kidogo kwanza.

Pembe sasa. Weka kofia ya mashine shavuni, mpini ukiwa umenyooka kuelekea mbele yako, mbali na uso. Hapo wembe haugusi ngozi kabisa. Anza kushusha mpini polepole huku ukivuta mashine chini kidogo, mpaka usikie sauti ya ndevu zinakatika, kama *krr* nyepesi. Simama hapo, ndiyo pembe yako, karibu nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi. Ukishusha mpini zaidi, unaikwangua ngozi.

Nguvu usitumie. Mliozoea viwembe vya plastiki mmezoea kukandamiza, kwa sababu vile ni vyepesi. Hii ina uzito wake na uzito huo unatosha. Shika mpini karibu na mwisho wake, si shingoni, mkono utakosa nguvu ya kukandamiza hata ukitaka. Vuta hatua fupi, sentimita mbili au tatu, suuza kichwa kila baada ya hatua chache, na kikijaa geuza upande wa pili.

Mashavu kwanza, ni tambarare, mkono upate kuzoea. Kisha taya, ambako kila mkunjo unataka pembe ibadilike, basi hatua ziwe fupi zaidi. Kwenye mdomo wa juu shusha mdomo kufunika meno. Kidevu na koo viache mwisho, povu liwe limekaa muda mrefu zaidi.

Mwenye ndevu za kujisokota aishie hapo, au apake povu tena na kupita mara ya pili kwa upande, si kinyume. Kunyoa kinyume kunaleta uso laini kama wa mtoto siku hiyo, halafu wiki nzima ya vipele. Usivute ngozi sana pia, maana ukiiachia, unywele unazama chini yake, yaani umefanya kwa mkono kile ulichokimbia kwenye nyembe tano. Ukitaka ndevu zibaki milimita moja kwa siku za kazi, ndio usalama. Na kama ngozi yako ina tabia ya kuota makovu manene, achana na wembe kabisa, tumia mashine ya umeme isiyonyoa chini na umwone daktari wa ngozi.

Ukimaliza suuza kwa maji baridi, kisha paka kipande cha shabu (jiwe la alum) kilicholoweshwa. Kinapatikana kwa wauza dawa za asili na viungo Kariakoo, kinasimamisha damu ya mikwaruzo midogo. Mahali kinapochoma ndipo ulipokandamiza leo. Kiache dakika moja, suuza, paka mafuta mepesi yasiyo na manukato.

Baada ya hapo

Legeza kichwa, suuza, kung'uta, kausha kwa taulo bila kugusa makali. Usiihifadhi bafuni. Unyevu wa Dar pamoja na maji ya chumvi unaumaliza wembe kabla hujautumia mara mbili. Ndani ya chumba, imesimama, inatosha.

Wembe mmoja unafaa mara tatu hadi tano, kutegemea ugumu wa ndevu. Ukianza kuvuta badala ya kukata, siku zake zimekwisha, hata kama umeutumia mara moja. Na usiazimane, si na kaka wala na mume: mashine inaweza kuwa ya nyumba nzima ikisafishwa kwa spiriti, wembe ni wa mtu mmoja.

Uliokwisha usiutupe kwenye mfuko wa taka, kuna kijana anaubeba mfuko huo begani. Chukua kopo la maziwa ya unga, toboa mfuniko ufa mwembamba, uwe unadumbukiza humo. Likijaa, ligonge ufa kwa nyundo mpaka uzibe, andika juu yake *nyembe* kwa kalamu ya wino mzito, ndipo ulitoe nje.